Kwa Jino la Wifi Delphine

"Hesabu mwenyewe," wifi yangu Delphine alikuwa akisema, mdomo kaupanua juu ya ua wa waya mpaka nikayaona magego. "Hesabu, halafu uwaambie hawa wote ni jino lipi linaloniuma."

Nilikuwa na beseni la nguo kiunoni. Nikamjibu kwamba sijui kuhesabu vitu vinavyotembea, afunge kidogo na sisi tuvute hewa, na isitoshe moja nakumbuka alilisahau kwenye hindi la kuchoma siku za ngoma za Agosti. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na watu watatu kwenye ngazi za nyumba zao. Wakacheka, mmoja akasogeza kiti asikie vizuri.

Mimi na Delphine tulikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kutupiana maneno, tangu kaka yake Chauncey aliponioa akanileta kwenye nyumba hizi za chini ya mnara wa maji. Sisi Walakota, wenyeji wa nyanda hizi tangu kabla ya Wazungu, wifi na wifi hawana adabu baina yao. Ukiwaona wanaheshimiana, ujue wamegombana. Na katika utani huo anayekasirika kwanza ndiye kashindwa, hilo hata watoto wanalijua. Kwa hiyo nilisimama na beseni langu nikingoja anirudishie, tena la hindi nililiona zuri, nikajua atatafuta kubwa zaidi.

Hakutafuta. Alishika waya wa ua kwa mikono miwili.

"Mama anataka ichahpe," akasema. "Nimepanda kilimani tangu asubuhi. Ardis, ni mashimo matupu."

Kisha akalia, pale pale, mbele ya watu. Kukasirika kuna sheria yake. Kulia hakuna, na mimi mwenye jibu la kila kitu nilibaki naangalia soksi zilizolowa.

Niseme ichahpe ni nini kwetu. Ni ua la kilimani, majani yake magumu yana vinyweleo, petali zake za zambarau iliyopauka zinaning'inia kama nguo iliyonyeshewa, na katikati lina kichwa kigumu chenye miiba. Vichwa vikikauka, tukiwa wasichana tulichaniana navyo nywele na kupigana navyo. Lakini mali yenyewe iko chini, mzizi mweusi mwembamba unaokwenda ndani kama unatoroka. Ukiutafuna ulimi unakufa ganzi, mate yanajaa, na jino lililokukesheza usiku kucha linanyamaza. Wa kwetu waliutumia kwa koo, kwa moto uliounguza ngozi, kwa kuumwa na nyoka, hata farasi mwenye jeraha alipewa. Hakuna nyumba iliyokosa kipande.

Aliyenifundisha kuuchimba ni Philomene, mama yake Delphine, yaani mama mkwe wangu. Vuli ya kwanza ya ndoa yangu alinipandisha kilimani baada ya baridi ya kwanza kuanguka, vichwa vya maua vimeshakuwa vyeusi. Kabla ya kugusa udongo alinyunyiza tumbaku kidogo, akasema kwa sauti: huu ni wa koo la mjukuu wangu. Akachimba mmoja. Kichwa cha ua akakisugulia juu ya shimo mpaka mbegu zote zikaingia, akafukia kwa kisigino. Nilimwuliza kama ni lazima kumtaja mgonjwa. Akaniambia ardhi si duka, mtu huingii ukazungukazunguka kuangalia kilichopo. Useme umetumwa na nani. Miaka yote niliyokwenda naye hatukuzidisha mitano kwa mwaka, na yeye ndiye aliyekuwa akitibu nusu ya mtaa.

Sasa, kiangazi cha mwaka uliotangulia ugomvi huo, mtu mmoja mgeni alikuja na gari jeupe lenye mizani nyuma, akaegesha karibu na duka. Alisema watu wa mijini huko mbali wanameza mzizi ule kwa mafua, kwamba unatakiwa sana, kwamba ataununua mbichi vile vile ulivyo. Ilikuwa Juni.

Mimi ni mtu ambaye jambo halikai kifuani. Ningekuwa mchoyo, kile kilima kingekuwapo. Ningepanda peke yangu, nikajaza gunia moja, mgongo ukaniuma nikaacha. Lakini kabla jua halijazama nilishamwambia shemeji yangu Wendell, na kwenye mchezo wa bingo nikaiambia meza nzima, na Jumamosi tulipanda na magari matatu. Watu na mitaimbo yao, na majembe, na bisibisi ndefu za mafundi. Nilikaanga mkate sinia zima. Mtu alileta sanduku la barafu limejaa soda, mwingine redio. Kila nilipoinua kichwa niliona mgongo wa mtu ninayempenda. Nitasema kweli, kwa sababu uongo nilishausema wa kutosha: kilikuwa kiangazi kizuri kuliko vyote tangu Chauncey afariki. Kwa pesa zile nilinunua kochi refu la kukaa watu saba na televisheni pana kama mlango, na nyumba yangu ilijaa kila jioni mpaka watu wakawa wanakula wamesimama.

Ila shimo la kwanza lilinipa taabu. Nilipiga goti, nikatoa tumbaku mfukoni bila hata kufikiri, mikono ilishazoea. Halafu nikakwama. Nilitakiwa kutaja mgonjwa na sikuwa naye. Hakuna aliyekuwa akiumwa. Kuchimba kimya sikuweza, na kumtaja mwenye mizani niliona aibu. Basi nikasema, "Huu ni wa jino la wifi yangu Delphine." Nikacheka peke yangu. Shimo la pili nikasema hivyo hivyo. La tatu, Wendell akanisikia, akaanguka chini kwa kicheko, na la kwake akalifungua kwa jino la Delphine. Kufika mchana kilima kizima kilikuwa kinaimba. Watu wanapiga mtaimbo na kuitikia, jino la Delphine, jino la Delphine, na mizizi inarushwa kwenye magunia.

Vichwa vya maua tulivisugua pia, kwa mazoea. Vilikuwa vibichi. Haikuanguka mbegu hata moja.

Delphine hakuwapo, yeye alibaki nyumbani na mama yake. Jioni moja Philomene aliniuliza tunafanya nini kilimani siku zote hizi. Nikamwambia tunapunga upepo. Akatazama kucha zangu, akaniambia upepo wa mwaka huu una udongo mwingi. Nikaomba radhi kwamba nimeacha kitu jikoni.

Hadithi ya jino niliitoa mwenyewe, wakati wa baridi, kwenye msiba mmoja, tumekaa ukumbi wa kanisa na kahawa zetu. Watu wamechoka kulia, wanataka wa kuwachekesha, na mimi nikiombwa sikatai. Nikaigiza yote, magoti, tumbaku, sauti ya Wendell. Ukumbi ulivunjika. Delphine alicheka kuliko wote, akanipiga na kofia yake. Nilidhani anacheka kwa sababu ameelewa. Kumbe alielewa nusu: alidhani ni mashimo matano, kumi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wanasema, na usaha ule ulichukua miezi mitano kuiva.

Masika ndipo Philomene alipopata kidonda chini ya ulimi. Zahanati walimpa dawa ya kusukutua, kisha wakampeleka hospitali kubwa Rapid City, na huko waliona yaliyokuwapo wakamweleza wanataka kukata nini na nini. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia wakamkate mtu mwenye miaka ya kutumia. Akarudi nyumbani. Vidonge vya maumivu vilimlaza tu, naye alikataa kulala. Alitaka kula. Mwanamke huyu alipikia harusi na misiba ya watu wote hapa, na sasa kijiko cha mchuzi kikigusa kile kidonda alishika meza kwa kucha.

Alikuwa na mizizi yake kwenye kopo la kahawa, michache. Akiuweka mzizi mdomoni na kuutafuna taratibu kabla ya chakula alipata robo saa ya ganzi. Hakuna aliyesema utamponya, wala yeye mwenyewe. Ilikuwa robo saa basi, na ndani ya robo saa aliweza kumaliza bakuli la mchuzi wa nyama kavu akiwa anapiga soga kama mtu yeyote. Kopo liliisha wiki ya pili ya Juni. Ndipo Delphine akapanda kilimani.

Sasa turudi kwenye ua wa waya. Nilimwambia nitautafuta, nitaupata, asilie. Delphine alijifuta uso kwa kiganja.

"Utaupata wapi? Umenitibu mpaka umemaliza dawa yote."

Wale wa ng'ambo hawakucheka. Aliyesogeza kiti alikirudisha.

Nilianzia nyumba kwa nyumba. Kila niliyepanda naye kilimani nilimgongea mlango. Walinipokea kwa furaha, Ardis kaja, leo kuna habari gani, halafu nikieleza nilichofuata nyuso zinashuka. Hakuna aliyejiwekea hata mzizi mmoja. Yote ilipanda mizani. Mwanamke mmoja alifungua droo zake zote mbele yangu, akakuta kipande cha urefu wa njiti ya kiberiti, akanipa kwa mikono miwili huku akinitazama miguuni. Kilikuwa kimeliwa na wadudu, ndani unga mtupu.

Wendell alinizungusha kwa gari siku mbili, matuta yote mpaka kijitoni. Tuliwafuata nyayo watu waliotufuata sisi. Habari zangu zilikuwa zimefika mbali kuliko mimi, na kila penye mteremko wenye mawe niliona vishimo vimeanza kuota nyasi. Wendell alijaribu kunitania, akasema labda tumtaje mgonjwa kwa sauti kubwa zaidi. Nikamwomba anyamaze.

Tukaenda mjini. Kwenye duka la dawa kulikuwa na rafu nzima ya ichahpe, chupa kwa chupa, picha ya ua imechorwa vizuri sana, petali zimenyooka kama za ua la kitoto. Nilinunua moja. Delphine alifungua kidonge akammwagia mama yake ule unga kwenye ulimi. Philomene alikaa nao muda, amefumba macho kwa adabu. Kisha akautema kwenye kitambaa, akasema huu umeshasahau ulikotoka. Jioni hiyo alijaribu uji wa mahindi, vijiko viwili, akasukuma bakuli.

Mahali ambapo hatukuchimba ni makaburini. Hapa kwetu hakuna anayetoa kitu makaburini, hata beri zinaanguka zikaoza. Kilichoota pale ni cha waliolala pale, na ukikichukua umekula kwenye sahani ya mtu. Niliwaza hivyo asubuhi nzima. Halafu nikachukua kisu cha jikoni, maana mtaimbo nilishindwa kuushika, nikatembea mpaka nyuma ya kanisa.

Mimea yenyewe ilikuwa minne. Imeota kwenye pembe, chini ya waya, pale mashine ya kukatia nyasi haifiki, karibu na makaburi ya watoto yasiyo na majina. Ilikuwa imechanua. Nilipiga goti nikatoa tumbaku. Nilitaka kusema jina, lakini kila nilipofungua mdomo yalikuja maneno ya mwaka jana, yamejipanga yenyewe, kwa jino la. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Mwishowe nikasema, "Philomene. Anaumwa kweli." Nikaomba radhi pia, sijui kwa nani hasa, walikuwa wengi.

Nilichimba mitatu kwa kisu na vidole. Myembamba kama penseli. Mmoja ulikatikia ndani. Ule wa nne niliuacha.

Delphine alinifungulia mlango bila salamu. Akaiosha, akakata kipande, akampa mama yake. Philomene alitafuna. Nililiona shavu likilegea, kisha bega, kisha mkono uliokuwa umekunjwa siku nyingi ukafunguka juu ya blanketi. Mate yakamjaa, akacheka kidogo kwa aibu, akafuta kidevu. Akauliza kama kuna mchuzi. Delphine alikimbilia jikoni hata akajigonga kwenye meza.

Alipomaliza bakuli aliniuliza nilimtaja nani. Nikasema nimekutaja wewe, mama. Akauliza nilichimba wapi. Ningeweza kusema kando ya barabara, na Delphine alikuwa pale amesimama na mwiko. Nikasema makaburini.

Mwiko ulishuka. Philomene alilamba kijiko akafikiri.

"Basi wamenikaribisha mapema," alisema. "Watu wa adabu."

Akauliza nimebakiza mingapi. Nikamwambia mmoja, uko na ua lake. Akasema huo nisiuguse, uachwe mpaka kichwa chake kiwe cheusi. Nikaitikia. Hakunilaumu siku hiyo, wala siku nyingine. Nilitamani anilaumu. Nilikuwa nimejitengenezea maneno ya kujitetea tangu siku ile ya ua wa waya, mazuri, na hakuna aliyeyahitaji.

Ile mizizi mitatu ilikwenda siku nne. Delphine aliikata vipande vidogo kama punje, tena akawa anavipunguza. Siku hizo nne nyumba yao ilikuwa na harufu ya nyama na kahawa, na watu walipita kumwona Philomene akila, kwa sababu habari ilikuwa imeenea, safari hii si kwa mdomo wangu. Kwangu hakuja mtu. Kochi la watu saba nililikalia peke yangu, na televisheni nikaizima kwa kuwa ilinichosha kusema nayo bila kujibiwa.

Siku ya tano, mchana, nilimwona Delphine amesimama kwenye ua, mahali pale pale. Alisema mama ametafuna cha mwisho asubuhi na hakikufika hata nusu ya bakuli. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia: ule wa nne.

"Amekataza," nikamwambia.

"Najua alichosema. Nilikuwepo. Ni siku mbili, Ardis. Mbili tu."

Alikuwa haniombi kwa utani, na mimi ndiye niliyekuwa na deni lake. Nilikwenda jikoni nikachukua kile kisu. Nilifikiri, nikiuchimba, kilima hakitakuwa na hata mmea mama mmoja wa kukirudishia mbegu, si sasa, si kwa wajukuu. Nikafikiri pia kuhusu ile mikono ikishika meza. Nilipima hivyo viwili njia nzima kutoka jikoni mpaka barabarani na sikupata jibu, ila miguu ilikuwa inakwenda. Ili kufika kanisani lazima upite mbele ya mlango wao. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Philomene alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amefungwa kitambaa cha maua, na mezani mbele yake kulikuwa na sufuria nzima ya mchuzi wa viazi-mwitu, mkate wa kukaanga umefunikwa, na bakuli la rojo ya matunda mekundu. Alikuwa amemwamuru binti yake apike vyote vile tangu asubuhi. Havikuwa vimeguswa.

Nilitaka kupita nimeinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa mazima bado.

"Unakwenda wapi na kisu?"

Delphine alikuwa amenifuata nyuma. Philomene alizungumza kwa shida, maneno yakipita upande mmoja wa mdomo, na kila moja nililisikia likimgharimu. Alisema anajua ninakokwenda. Alisema nimeshachimba vya kutosha kwa maisha ya mtu mmoja. Akapumzika, akameza mate, akafumba macho mpaka maumivu yapite.

"Weka hicho kisu," akasema. "Delphine, mpe sahani wifi yako. Ingia ule, mwanangu. Mimi siwezi tena. Nataka nione mtu anakula."